Gitaa Ambalo Sikuliuza

Mbagala, Ijumaa mchana

Fidelis mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Kipawa kumuaga shangazi yako, na kwa shangazi yako hakuna anayetoka bila kula mara mbili, kwa hiyo najua nina muda. Nimefunika cherehani. Yule mama wa sketi za shule nimemwambia arudi Jumatatu. Baba yako yuko uani anajifanya anatengeneza kiti.

Habari za chandarua, za kufua soksi na za kutomfungulia mlango mtu usiyemjua sikuandikii. Hizo nimezisema wiki nzima, mpaka baba yako jana akanikatiza, "Mama Fide, mtoto anakwenda Mwanza kuchomelea boti, haendi vitani." Nina habari moja tu, na imenijaa kifuani kiasi kwamba hata kwenye kiti nashindwa kutulia. Ina upande mbaya na upande mzuri. Naanza na mbaya, maana nisipoiandika upesi nitaikwepa kama nilivyoikwepa siku zote.

Gitaa lako la besi sikuliuza.

Lile gitaa la kahawia lenye shingo iliyopinda kidogo, ulilonunua Kariakoo kwa pesa ya kuosha malori kule Kurasini likizo nzima, lipo. Lipo humu humu ndani, nyuma ya kabati letu, limefungwa kwenye kitenge. Miaka mitano, kila ulipolala nyumbani, ukuta mmoja tu ulikuwa kati yako na hilo gitaa.

Siku niliyolichukua naikumbuka vizuri. Ulikuwa kidato cha tatu, matokeo ya mwisho wa mwaka yametoka, mwalimu wako ameniita na kunionyesha alama zako, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na mie nikatoka pale nimeinamisha kichwa kama niliyeshindwa mtihani mwenyewe. Nilipofika nyumbani nikakukuta chumbani unapiga. Hukunisikia nikiingia. Ulikuwa umefumba macho na mguu unagonga sakafu. Nikageuka, nikaenda jikoni, nikasubiri. Kesho yake ulipokwenda dukani nikalichukua.

"Mama, gitaa langu liko wapi?"

"Nimeliuza."

"Umemuuzia nani?"

"Mtu mmoja wa Tandika. Ushamaliza? Kasome."

Nilitaka ubishe. Nilikuwa nimejiandaa, maneno yote yako tayari mdomoni: ada, na jinsi mie nilivyoishia kidato cha pili, na mgongo wangu. Ukasema tu, "Sawa, mama." Ukaenda kukaa kwenye ngazi ya nje, ukakaa hapo mpaka chakula kikapoa.

Watu wote niliwaambia nimefanya vile kwa ajili ya masomo yako. Mwenyewe niliamini hivyo kwa muda mrefu. Leo nakwambia ukweli ambao hata baba yako hajawahi kuusikia. Nilikuwa na wivu. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kola, mfuko, pindo, kola, mfuko, pindo, na chumba cha pili kuna mtoto wangu anafurahi kwa kitu ambacho mie simo. Zile kelele zingekuwa za ugomvi, ningezivumilia. Zilinikera kwa sababu zilikuwa za furaha, na mie nilikuwa nimechoka.

Na alama zako hazikupanda, unajua mwenyewe. Kilichobadilika ni kitu kingine, nami nilichelewa kukiona. Ulikuwa mtoto wa kugonga kila kitu: beseni, meza, mlango wa choo, mgongo wa baba yako. Ukaacha. Nyumba ikatulia, na mie mjinga nikawa namwambia jirani kwamba mwanangu sasa amekua.

Huo ndio upande mbaya. Sasa geuza karatasi, maana nina hamu ya kukusimulia haya mengine mpaka kalamu inakimbia.

Ulikuwa mwaka wako wa kwanza chuo cha ufundi, unalala bweni. Ilikuwa masika, mvua ya siku ya tatu, njia yetu imejaa maji na hakuna mteja anayeweza kufika. Nikasema nitumie siku hiyo kupanga vitambaa. Nikasogeza kabati ili nitoe lile sanduku la vitambaa vya kaki, na kona ya sanduku ikavuta kitenge. Kutoka ndani ya kitenge kukatoka sauti moja.

Dum.

Fidelis, niliruka! Nilidhani kuna mtu. Halafu nikacheka peke yangu, nikakaa kitandani, nikalifungua. Vumbi, buibui wawili, na nyuzi zimeanza kuota kutu. Nikagusa ule uzi mnene kwa kidole gumba, nikasikia kidogo tu, kama mtu anayeguna chumba cha mbali. Sikuwa na spika wala waya. Nikaligeuza nipate kulishika vizuri, kichwa chake kikagusa mlango wa kabati, nikapiga tena. Kabati zima likalia! Mbao zote, na hanga za nguo ndani, na mbavu zangu pia, kwa sababu nilikuwa nimeliegemeza tumboni. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Mvua inanyesha, chungu cha maharage kinaungulia jikoni, na mwanamke mzima wa miaka arobaini na saba amekaa kitandani anapiga uzi mmoja na kucheka.

Baba yako aliporudi kutoka Kurasini alinusa maharage kabla hajaniamkia. Akaja mlangoni, akaniona, akatazama gitaa, akanitazama.

"Unafanya nini, Mama Fide?"

"Sijui," nikamwambia. "Lakini usinikatize."

Ndani ya kile kitenge kulikuwa na daftari lako. Nilikuwa nimelifunga pamoja na gitaa siku ile bila hata kulitazama. Nikalifungua nikitegemea maneno ya nyimbo, nikakuta mistari minne imechorwa kwa rula, ukurasa baada ya ukurasa, na namba juu yake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umejiandikia maelezo kwa mwandiko wako ule wa kuegemea kushoto: mstari wa chini ni uzi mnene, sifuri maana yake usibonyeze, tatu maana yake bonyeza kwenye chuma cha tatu cha shingoni. Ulikuwa umeandika besi ya nyimbo zetu zote za kwaya. Deo, mpiga besi wa kwaya yetu, ndiye aliyekuwa anakufundisha baada ya misa, na wewe ukija nyumbani unaandika ili usisahau.

Basi wewe ndiye mwalimu wangu. Nataka ulijue hilo. Sijafundishwa na mtu mwingine yeyote. Kila siku baada ya kazi nilikuwa nafungua daftari lako juu ya cherehani na kufanya ulivyosema. Pembeni kabisa mwa wimbo mmoja uliandika, "Hapa usikimbie. Isikilize ngoma kwanza." Nami nilikuwa napiga mpaka hapo, nanyamaza, nasikiliza ngoma ambayo haipo, halafu naendelea.

Mwanzoni vidole viliniuma. Unakumbuka vile vyuma vya shingoni vilivyo na ncha pembeni, vinachana ngozi? Lakini vidole vya fundi nguo vimeshachomwa na sindano mara nyingi, havikulalamika sana. Kulitafutia sauti yake ndiyo ilikuwa kazi. Nilikuwa nazungusha vile vishikizo vya kukazia nyuzi kichwani mpaka wimbo ufanane na ule ninaoujua kutoka kwaya, na kufika kesho yake umeteleza tena, kwa sababu ni gitaa la bei rahisi na haliwezi kutulia na sauti moja siku mbili. Pale pa kuchomekea waya pamelegea, nikapafunga kwa uzi wa kushonea viatu. Nikibonyeza chuma cha saba cha ule uzi wa pili, linakwaruza kama senene kwenye kikaango. Sikujali! Hata lile kwaruzo nililipenda. Lingekuwa gitaa la maana, linalong'aa, la kuwekwa kwenye sanduku lenye kitambaa chekundu, nakuapia ningeliogopa. Nisingeligusa. Hili lilikuwa baya kiasi kwamba hakuna nilichoweza kuliharibia.

Na mguu, mwanangu! Mguu ulikuwa unajua tayari. Miaka ishirini na mbili ya kukanyaga cherehani, chini juu, chini juu, bila kukimbia wala kuchelewa, kumbe nilikuwa najifunza besi na sikujua. Siku niliyogundua hilo nilimwita baba yako atazame mguu wangu. Akatazama mguu, akasema ni mguu.

Mwaka mmoja na nusu hakujua mtu mwingine. Ukija likizo nalirudisha nyuma ya kabati, na ukipita karibu najifanya napanga vitambaa.

Halafu Deo akaposa. Unajua alihamia Boko kwa ajili ya kazi, lakini Jumapili alikuwa bado anakuja kutupigia. Harusi ikapangwa kwao bibi harusi huko huko Boko, na kwaya yetu ikaalikwa kuimba kwenye sherehe. Wewe ulikuwa Tanga kwa mafunzo ya vitendo. Mazoezini Mwalimu Kasto wa kwaya akasimama mbele yetu, akajikuna kichwa.

"Tuna tatizo. Mpiga besi ndiye bwana harusi. Hawezi kupiga besi kwenye harusi yake mwenyewe. Sasa?"

Nikanyoosha mkono.

"Mama Fide, choo kiko kule nyuma."

"Siombi kutoka, mwalimu. Naomba besi."

Walicheka mpaka waimbaji wa sauti ya kwanza wote wakakaa chini. Mwalimu Kasto alisubiri wamalize, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "Besi unaijua ni ipi?"

"Ile yenye nyuzi nne."

Mazoezi yaliyofuata nikaja nalo kwenye bajaji, nimelikumbatia ndani ya kitenge. Akachomeka waya wa Deo kwenye spika, akaniambia nipige. Nikapiga uzi mnene kama nilivyozoea kupiga nyumbani, kwa nguvu, ili kabati lisikie. Mwanangu, bati la ukumbi lilitetemeka! Mtoto wa mtu nje alilia. Mimi mwenyewe nilirudi nyuma hatua mbili, nikatazama nyuma nione nani kafanya vile.

"Hilo gitaa umelitoa wapi, jikoni?" akauliza Mwalimu Kasto. Akalichukua, akalitafutia sauti, akanirudishia. Wakaanza kuimba. Nikaanza nao.

Miaka kumi na moja nimesimama sauti ya pili, Fidelis, na sikuwahi kujua kuna nini kule chini. Ukiimba, wewe ni mmoja kati ya watu ishirini. Ukipiga besi, hakuna anayekutazama, hakuna anayekusikia akajua anakusikia, lakini ukibadilisha kidogo tu, miguu ya watu wote inabadilika. Niliona mabega ya sauti ya kwanza yakianza kwenda upande huu na huu, na hayo mabega nilikuwa nayaendesha mie, kwa kidole kimoja! Tulipofika pale ulipoandika nisikimbie, nikanyamaza, nikaiacha ngoma ipite, ndipo nikaingia. Mwalimu Kasto akasimamisha kwaya.

"Hapo nani kakufundisha kusubiri?"

"Mwanangu," nikasema.

"Basi kakufundisha vizuri."

Nikaona fahari na nikaona haya kwa wakati mmoja. Sikupata nafasi ya kuchagua.

Sasa harusi yenyewe. Natamani ungekuwepo, na sababu ya wewe kutokuwepo katika jambo hili tangu mwanzo ni mie. Walifunga maturubai uwanjani kwao bibi harusi, viti vimepambwa vitambaa vya rangi ya zambarau. Nilivaa lile gauni langu la kijani. Wimbo wa kwanza nilipiga nikitazama vidole. Wa pili nikaanza kutazama watu. Wa tatu ndio ule wa kuingiza zawadi, akina mama wa upande wa Deo, waliotoka Masasi, wote wakainuka na mabeseni vichwani, vigelegele, kanga zinapepea, na mimi nikasema leo ndiyo leo, nikalikaza. Katikati ya wimbo mkanda wa gitaa ukakatika.

Gitaa likashuka hadi magotini. Nikalidaka, nikainua mguu kwenye kiti, nikaliweka pajani, sikuacha kupiga lakini najua sitamaliza, gauni limenibana. Ghafla nikasikia limekuwa jepesi. Nageuka, baba yako! Amekuja kwa nyuma, amelishika kwa chini kwa mikono yote miwili, ameliinua mpaka kifuani kwangu.

"Endelea," akaniambia sikioni. "Mie kunyanyua ndiyo kazi yangu."

Anaendesha foklifti ya kunyanyua mizigo mwaka wa kumi na tisa, na sijawahi kumsikia akiitania. Alilishika wimbo mzima, wote ule mrefu, na wakati nikipiga akawa anacheza, kwa hiyo gitaa nalo likawa linacheza, na mimi nalifuata huku na huku. Watu waliacha kutunza maharusi wakaja kututunza sisi kwa noti. Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamshuka. Sijawahi kufurahi vile. Siku ya ndoa yangu mwenyewe sikufurahi vile, na hilo baba yako analijua, nilimwambia tukirudi, akasema hata yeye.

Baada ya kuimba Deo alinifuata nyuma ya turubai, suti imemlowa jasho. Alitaka kunipongeza. Halafu akaliona gitaa kwa karibu, akaliinamia.

"Mama Fide, hili si gitaa la Fide?"

"Ndilo."

"Si uliliuza?"

"Sikuliuza."

Akapitisha mkono shingoni kwa gitaa, taratibu. "Mie ndiye nilimsindikiza kulinunua. Kulikuwa na zuri pembeni, hela haikufika. Akachukua hili, mama, akalibeba njia nzima bila kulifunika ili watu walione." Akanitazama. Deo ananiheshimu, hajawahi kuniinulia sauti, na siku ile pia hakuinua. "Mie sitasema kitu. Ila mwambie kabla hajaenda mbali."

Hiyo ni miezi miwili iliyopita. Uliporudi kutoka Tanga nilikupikia ndizi nikwambie, tukala ndizi. Barua yako ya kazi ilipofika nikasema leo, ukawa na furaha, nikaogopa kuiharibu. Ndiyo maana nimekaa na kalamu sasa, na nia yangu ni kuiweka barua hii chini kabisa ya begi lako, chini ya mashuka, uikute ukishafika

*

Saa moja jioni

Niliishia hapo uliporudi. Shangazi yako hakuwepo, amekwenda kwenye kikoba chao cha kuweka akiba, ukarudi na njaa yako. Nikafunika barua kwa kitambaa cha sketi. Ukanisalimia, ukaingia chumbani kupanga nguo.

Yaliyofuata unayajua, ulikuwepo. Lakini nataka nikuandikie upande wangu, kwa sababu pale mbele yako sikuweza kuusema.

Nilikuwa nasikia unafungua zipu ya begi na kuifunga. Nikajiuliza kwa nini nataka usome haya Mwanza. Jibu likaja lenyewe: ili nisiuone uso wako. Na hicho ndicho nilichokifanya miaka mitano iliyopita. Nililichukua ukiwa dukani. Siku zote nimekuwa nachagua njia isiyo na uso wako. Nikainuka kabla sijabadili mawazo, nikatoa gitaa, nikakaa kwenye kigoda cha cherehani, nikaegemeza kichwa chake kwenye kabati na nikapiga wimbo wa kwanza wa daftari lako.

Zipu ikanyamaza. Nikaendelea. Nilikosea mara mbili, nikaendelea. Ukaja ukasimama mlangoni na shati mkononi.

"Kumbe halikuuzwa."

"Halikuuzwa. Nilikudanganya, mwanangu."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

Ukatoka. Nikasikia bomba la uani linafunguliwa, maji yanamwagika kwenye saruji, muda mrefu. Baba yako alikuwa hapo hapo na kiti chake. Ulifikiri umeniacha nikilia. Sikulia. Nilikuwa nimekaza meno nisije nikakufuata na maneno yangu, ya ada na ya mgongo, maana yalikuwa yamerudi yote mdomoni, yamepanga foleni.

Uliporudi uso ulikuwa umelowa mpaka kola. Ukasema, "Nilikuchukia, mama. Mwaka mzima. Kila asubuhi nakuamkia shikamoo na nakuchukia."

"Nilistahili."

"Sisemi ili ukubali. Nasema ili ujue."

Nimelijua, Fidelis. Limeniingia, na liache likae. Usije ukaniandikia kutoka huko ukasema ilikuwa hasira tu ya utoto. Ulikuwa na haki.

Kisha ukatazama mkono wangu muda mrefu kidogo, ukasema, "Hicho kidole gumba unakaba nacho shingo. Kilegeze. Ndiyo maana unachoka." Nikakilegeza, na kweli, mwaka na nusu wote nilikuwa naumia kiganja bure! Ukauliza nani kanifundisha. Nikakupa daftari. Nilivyokuona umekaa sakafuni unafunua kurasa, unasoma mwandiko wako, halafu umeangua kicheko kwa ile picha uliyomchora Mwalimu Kasto na masikio ya punda, nikasema moyoni hata kama akienda kesho bila kunisamehe, hiki nimekiona.

Umesema gitaa libaki, kwaya itafanya nini. Hapana. Ni lako, ulilioshea malori. Wakati unakula nimelishonea mfuko, kaki ile ya kaptula za shule, mshono mara mbili, na mkanda mpya ambao haukatiki hata mtu akiuning'inia. Kwaya iko sawa, ingawa Deo tangu aoe ameniachia mie besi na gitaa lake amelihamishia Boko. Jumanne nakwenda Kariakoo, nimeshampigia Deo atanisindikiza, na nitanunua la bei ya chini kuliko yote dukani. Likiwa la rangi ya waridi nitalibeba la rangi ya waridi. Jumapili tutaimba bila besi, na nitasimama pale nikijua kinachokosekana ni mie. Sijawahi kukosekana mahali popote, nalisubiri kwa hamu hata hilo.

Sina mengi ya kukushauri, maana umeona mwenyewe nilivyoyajua mambo yangu kwa kuyakosea. Ila ukikutana huko na kitu cha kukufurahisha, na kikaonekana kibovu, na watu wakakwambia ngoja upate kizuri, anza na hicho hicho. Mie ningengoja gitaa zuri ningezikwa nikiimba sauti ya pili. Na siku moja ukiwa na mtoto, umerudi kazini macho yanawasha kwa moto wa kuchomelea, ukamkuta anapiga kelele kwa furaha, toka nje kidogo. Kaa kwenye ngazi. Ukipumua vizuri, rudi umuulize anafanya nini, na kama kuna nafasi nawe ukae.

Nilitaka kuendelea, lakini mnanivuruga. Uko chumba cha pili unalipiga, baba yako anagonga kile kiti chake ambacho hakijawahi kuharibika, na mmeuchukua ule wimbo wa zawadi. Mikono yako imekuwa migumu kwa kuchomelea, imesahau. Ubeti wa pili unabonyeza chuma cha tano, na pale ni cha tatu. Umekosea tena. Sasa hivi umekosea tena!

Ngoja, naja huko nikuonyeshe.

Mama yako